Kipande cha Nta Ulichokimaliza

Itaka, Mbozi

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Mlio ule bado ninao. Kruu, tak. Kruu, tak. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya maabara, begi la safari begani, mkononi nimebeba mfuko wa maparachichi ya kwetu, nawe ulikuwa ndani, mlango umerudishiwa, unazungusha gurudumu la mashine ya kukatia. Sikuingia. Nilisimama pale nikitabasamu peke yangu kama mwehu, kwa sababu mlio ule ni uleule wa mashine ya mkono ya kumenyea kahawa ambayo mama aliizungusha uani kwetu kila msimu, mguu mmoja mbele, kanga imefungwa kiunoni, matunda mekundu yakiingia juu na buni zikitokea chini. Nikasema moyoni, amechoka huyu, ngoja nimtafutie maandazi. Nikaenda kununua maandazi. Niliporudi ulikuwa umekwisha kufunika mashine, ukayala yote manne, ukanibusu kwenye paji la uso.

Ulikuwa umetoka kumkata mama yangu.

Naiandika barua hii wazi, ipite mikononi mwa watu, kwa sababu wewe ulichukua kimyakimya. Jina lako sitaliandika. Wanaokujua watakujua, na mama yako asije akaulizwa sokoni.

Unakumbuka tulivyokutana? Ulinisikia nikimbishia mpishi wa kantini ya chuo, ukageuka: "Wewe ni wa Mbozi wewe, hiyo lafudhi haijifichi." Nikakujibu kwamba na wewe ni wa Tunduma, maana hakuna kwingine wanakosalimia kwa Kibemba kisha wakadai ni Waswahili. Tulikuwa wawili tu kutoka kule kwetu katika mwaka ule wa shahada ya pili, mbali na nyumbani, na katika maabara ya Profesa tulipewa meza moja. Wewe ulikuwa mtu wa kemia ya protini. Mimi nilikuwa mtu wa kusoma nyama kwenye hadubini. Profesa alisema tunakamilishana, na mimi, kwa ujinga wangu, nilidhani alikuwa anatabiri ndoa.

Nilikueleza habari za mama kabla sijamweleza mtu mwingine. Saratani ya koo, ile inayowamaliza watu wengi kwetu. Kwanza ugali unakwama, halafu uji, mwisho hata maji. Hospitali walimkata kipande kidogo cha nyama ili wakipime, na majibu yalipotoka tulikuwa tumeshamzika. Lakini kile kipande kilibaki. Kilizamishwa kwenye nta, kikafungwa kwenye kikasha cha plastiki kidogo kama kiberiti, kikawekwa namba, kikakaa kabatini miaka. Nilipoomba ruhusa ya kukitumia kwenye utafiti wangu pamoja na vya wagonjwa wengine, hospitali walikubali, ila wakataka sahihi ya baba.

Wewe ulikuwepo siku ile hapa Itaka. Ulikaa kwenye kigoda kile kibovu, ukanywa kahawa isiyo na sukari ukijifanya unaipenda. Baba aliisoma fomu mara mbili, akanitazama.

"Yaani kuna mama yako mwingine yuko kabatini?"

"Kipande kidogo, baba."

"Kidogo ni yeye pia." Akaweka sahihi. Kisha akainua kidole, na kumbuka kwamba alikuinulia wewe, wala si mimi. "Mchukueni. Someni. Mkimaliza, arudi. Nataka nimalize kumzika."

Ukasema, "Atarudi, baba. Nakuahidi." Hakuna aliyekuomba uahidi.

Halafu siku ya panya. Siku ile naipenda hata sasa, na kwa hiyo naichukia zaidi. Kingamwili tulichokihitaji Profesa alikuwa amegawiwa na rafiki yake wa Lusaka, kichupa kimoja, ndani mna tone la maji yasiyo na rangi. Kilifika Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa basi, kwenye boksi lenye barafu iliyokwisha kuyeyuka nusu. Tulikihamishia kwenye chupa ya chai ya mama yako, tukakizungushia barafu mpya, tukajipanga kupita upande wetu, malori yametubana kulia na kushoto. Ofisa wa forodha akagonga ile chupa kwa kalamu.

"Chai?"

"Kingamwili, mkuu," nikasema, nikatoa barua ya Profesa.

"Kinga ya nani?"

Wewe ukadakia, kwa ile sauti yako ya kuuza vitenge: "Imetoka kwa panya, mkuu."

"Panya! Yuko wapi?"

"Alishakufa zamani, mkuu. Huko Ulaya."

Yule baba akatutazama, akatazama barua, akarudisha kalamu mfukoni. "Basi poleni na msiba. Piteni."

Tulicheka mpaka kwenu. Mama yako alitaka kukitia kwenye friza, katikati ya barafu za kuuza na samaki. "Kilichotoka kwenye barafu kirudi kwenye barafu, mwanangu." Nikapiga kelele kwamba kikiganda kinakufa, kinataka ubaridi wa kawaida tu, pale kwenye nyanya. Akashika kiuno. "Hee! Kinadeka kama mkwe wangu." Akakifunika kwa kitambaa cheupe cha kanisani, akatangazia nyumba nzima: "Hiyo ni dawa ya mkwe. Atakayeigusa hatakula wali wangu mpaka Krismasi." Usiku kucha hakuna aliyefungua jokofu lile. Mama yako ndiye mtu pekee wa ukoo wenu aliyeilinda kazi yangu.

Kwa wanaosoma bila kujua, nitasema kilichokuwa ndani ya kichupa. Seli za utando wa ndani wa koo zimeshikana. Kuna protini inayozishikanisha, kila seli imemshika jirani yake, na ndiyo maana chakula kinapita bila kutuchuna. Saratani inapojiandaa kusafiri mwilini, mara nyingi seli huachiana kwanza. Kingamwili kile kazi yake ni kuitafuta protini ile tu. Kinapoikuta kinanata, nasi tunakitia rangi, na chini ya hadubini unaona mistari ya kahawia kama nyavu. Palipo na nyavu, wameshikana. Pasipo na nyavu, wameachiana. Na chetu kilikuwa cha ukoo mmoja, yaani vingamwili vyote mle vilitokana na uzao wa seli moja, vinajua mlango mmoja, havibishi hodi kwingine. Niliwahi kukuambia kwamba ningependa kupendwa hivyo. Ulicheka, ukasema mimi ni mtu wa kutisha kidogo.

Kidogo tu?

Mama nilimkata mwenyewe, wa mwisho, baada ya wagonjwa wengine wote. Kipande kinatoka chembamba kuliko ganda la kitunguu, unakiweka kielee kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, unakiinua kwa slaidi, kile kibao chembamba cha kioo. Ulisimama nyuma yangu siku nzima. Nilikuonyesha: upande wa kushoto, ukanda mwembamba, ndipo saratani ilipo. Upande wa kulia ni nyama nzima, isiyo na ugonjwa. Kulia nyavu zilikuwa safi kabisa. Kushoto zilififia, zikakatika, zikaisha. Wengi wa wagonjwa wangu walikuwa hivyo, lakini kwa mama niliweka kalamu chini nikalia, nawe ukanishika. Nakumbuka maneno yako: "Umemwona."

Ndiyo, nilikuwa nimemwona. Na kwa kadiri nilivyoendelea kukata, ukanda wa kushoto ulizidi kuwa mwembamba, mpaka slaidi moja ukatoweka. Saratani ilikuwa imekwisha kwenye kipande kile. Kilichobaki ndani ya nta kilikuwa mama mzima, asiyeumwa popote. Nikazima mashine. Nikaandika kwenye daftari: *Ugonjwa umeisha hapa. Usikate tena. Kilichobaki ni cha baba.* Nilifurahi, unajua? Nilisema nitampelekea baba mke wake akiwa hana ugonjwa.

Daftari lile hukulisoma. Ulisikia hadithi zangu zote na hukuwahi kusoma daftari langu hata ukurasa mmoja.

Msimu wa kahawa ukaingia, baba akaumwa mgongo, nikaaga. Ulinisindikiza stendi, ukanifungia vizuri zipu ya begi. "Nenda kamsaidie mzee. Mama yako yuko salama na mimi." Wiki tatu nilizungusha ile mashine uani, na kila nikichoka nilikuwa nakuona wewe. Niliwahi kurudi kwa siku mbili ili nikushangaze. Yaliyofuata nimeshayasema: korido, maparachichi, kruu, tak.

Msimu ulipokwisha nikarudi chuoni, na ukumbini ndipo nilipojua. Profesa alitangaza kwamba una matokeo yasiyotarajiwa, na wewe ukasimama na lile shati la bluu nililokupigia pasi mwenyewe asubuhi. Picha ikatokea ukutani, kubwa kama mlango. Nyavu za kahawia, nzuri, zimekamilika. Ukasema kwamba umegundua saratani ya koo ya watu wa kwetu, ambayo seli zake hazikuachiana. Watu wakaguna kwa mshangao. Kwenye jopo wote walikuwa watu wa kemia kama wewe. Hakukuwa na daktari hata mmoja wa kusoma nyama.

Mimi nilimtambua mama. Kwenye utando wake kuna mkunjo mmoja, umepinda kama barabara ya kushukia Ileje, nimeutazama kwenye kila slaidi mpaka ninauota. Ulikuwa pale ukutani. Na nikaona mara moja ulichofanya: ulitumia kingamwili changu na kipande changu, na kwa kuwa hukujua ugonjwa ulikuwa umeisha, ukapaka rangi nyama nzima, ukaiita saratani.

Mama alikuwa na beseni la maji kwa ajili ya kahawa. Ukimwaga matunda, yaliyojaa yanazama, matupu yanaelea. Mtoto asiyejua hukimbilia yanayoelea kwa sababu ndiyo yaliyo karibu na mkono. Mama alikuwa akinipiga kofi dogo la kiganja: "Hayo ndiyo mepesi, wewe. Hayo ni ya kutupa." Nilikutazama jukwaani na beseni lile likanijia lote.

Profesa akaniuliza mbele ya watu, "Wewe mwenzake, una swali?"

Nilisimama. Nilikuwa na swali moja, fupi. Nikasema, "Sina, Profesa. Nampongeza."

Jioni ile nilifungua kabati. Kikasha cha plastiki kilikuwepo, namba kwa penseli, mwandiko wangu. Ndani hakuna nta. Umekata mpaka kwenye plastiki, kuna alama za kisu. Nikakuita nikakuonyesha.

"Kilikuwa kimebaki kidogo tu," ulisema.

"Kilikuwa cha baba."

"Jamani, tunaoana. Chako si changu? Nitakuweka jina la pili." Halafu ukajaribu kunibembeleza, na ukasema neno ambalo sitalisahau nikizeeka: "Mama yako amefanya kazi kubwa leo kuliko alivyowahi kufanya akiwa hai."

Mama yangu alisomesha watoto watano kwa kuzungusha gurudumu.

Pete niliivua nikaiweka juu ya mashine ya kukatia. Ulidhani ni hasira za siku mbili. Hukuwahi kuuliza kwa nini sikupiga kelele, kwa nini sikwenda kwa Profesa usiku uleule. Nitakuambia sasa. Ningesema siku ile, ungeomba radhi, ungesema umekosea slaidi, vijana hukosea, Profesa angetabasamu, na wewe ungesimama tena. Nilitaka kwanza upande. Nilitaka uwe mbali na ardhi.

Nikangoja. Makala yako ikakubaliwa, nikangoja. Ikachapishwa, jina lako la kwanza, langu halipo hata la pili, nikaikunja nikaiweka ndani ya daftari. Ukapewa nafasi ya kwenda kusoma nje kwa sababu ya makala ile. Mama yako akanipigia simu analia na kucheka kwa pamoja, akasema wanakuandalia sherehe ya kukuaga Tunduma, akaniuliza kama kweli tumeachana au "mnadekeana tu". Nikamwambia, mama, nitakuja kukusalimia siku nyingine. Hapo ndipo nilipoumia. Kwako sikuumia.

Nisijifanye mtakatifu. Kuna daktari mmoja alisimama kwenye mkutano akasema matokeo yako yamempa moyo, kwamba huenda wagonjwa wa kwetu wanaweza kusubiri kufanyiwa upasuaji, kwa kuwa seli zao hazisafiri upesi. Mtu mwema angekimbia kusema pale pale. Mimi nilikimbia, ndiyo, lakini miguu yangu ilikuwa na furaha, na furaha ile haikuwa ya wagonjwa. Naikiri. Niliiacha makala ya uongo itembee miezi kadhaa ili ianguke kutoka juu zaidi. Kama kuna mgonjwa aliyesubirishwa katika miezi hiyo, mimi na wewe tutamjibu pamoja, na itakuwa mara ya mwisho kwetu kufanya kitu pamoja.

Nilipeleka daftari langu, slaidi yangu ya kwanza yenye ukanda wa kushoto, na barua ya kurasa tatu. Nilivipeleka kwa mkono wangu, kwenye ofisi ya chuo inayosimamia utafiti, wiki uliyopaswa kwenda kuchukua tiketi. Safari hii nilitaka asome daktari wa nyama, wakamwita. Nasikia alitazama slaidi zako kwa muda mfupi sana, akauliza, "Mgonjwa yuko wapi hapa?" Safari yako imesimamishwa. Jopo la kukuhoji limepangwa. Hayo unayajua.

Usilolijua ni hili. Baba aliandika barua kwa mwandiko wake, akadai mke wake arudishwe kama alivyoahidiwa. Ofisi wakazipiga picha slaidi zote ulizotengeneza, kisha wakanikabidhi zenyewe, kumi na mbili, kwenye boksi la mbao. Nikazileta Itaka kwa basi, nimezipakata. Jumamosi baba alichimba shimo dogo kwenye kaburi, upande wa kichwani, akafunua boksi, akaziinua moja moja kuzielekeza kwenye jua. Kwenye kioo kuna doa la kahawia tu, dogo kama kucha. Aliyatazama madoa yale kama mtu anayetazama watoto wakitoka shule.

"Hapa anaumwa?" akaniuliza.

"Hapana, baba. Hapa ni mzima."

Akafurahi. Akazilaza, akafukia, akakung'uta mikono. Kisha akanigeukia: "Ndiye wote?"

Nikasema, "Ndiye wote."

Nilimdanganya baba yangu juu ya kaburi la mama. Alizika kumi na moja. Ya kumi na mbili ninayo, nimeifunga kwenye kitambaa cheupe kile cha mama yako, ambacho sikuwahi kukirudisha. Ndiyo ile yenye mkunjo, ndiyo uliyoikuza ukutani. Nimeshaomba kuhudhuria jopo, na wamenikubalia. Nimeomba iwekwe hadubini mezani, na wamekubali hilo pia. Nitaiweka slaidi mwenyewe, nitakurekebishia mwanga kama zamani, nitakusogezea kiti. Kisha nitakuuliza lile swali fupi nililolimeza ukumbini.

Nionyeshe mama yangu anaumwa wapi.

Sikuagi, kwa kuwa tutaonana.

Binti wa mzungusha gurudumu,
aliyekuwa mke wako mtarajiwa